Ukija na bastola ibadani, nani ataulizwa?

Leo naomba tuzungumze jambo ambalo wengi wetu hulipita mlangoni tukiwa na haraka ya kuwahi kiti. Nami nilikuwa nikilipita hivyo hivyo, hadi majuma machache yaliyopita nilipovuka feri pale Likoni, nikapanda matatu ya Ukunda, kwenda kuhudhuria ubatizo wa mtoto wa dada yangu.

Nilikuwa na binti yangu wa miaka tisa. Alikuwa amevaa gauni lake la sikukuu na viatu vilivyokuwa vikimbana, lakini alikataa kata kata kuvivua. Tulipofika kanisani tulikuta foleni. Mlangoni walisimama vijana wawili, mvulana na msichana, na yule mvulana alikuwa na kile kifaa cha mkononi kinacholia kikikaribia chuma. Akina mama tulifungua mikoba yetu bila kuambiwa, kwa maana tumekwisha kuzoea. Kifaa kilipita, watu wakaingia.

Mbele yetu alikuwa bwana mmoja wa makamo, nadhifu, katika shati la kitenge. Kifaa kilipomkaribia kiunoni kililia. Yule bwana hakushtuka. Aliinua upindo wa shati taratibu, tukaona mpini wa bastola, kisha akamwinamia kijana na kumnong'oneza, "Nina leseni."

Kijana hakuwa hata na umri wa miaka ishirini. Alimtazama mwenzake, akatazama foleni iliyokuwa ikirefuka, akatazama ardhi. Mwishowe alisema, "Karibu, mzee." Bwana yule akaingia na kuketi safu ya tatu, nyuma tu ya watoto waliokuwa wakingoja kuimba.

"Mama," binti yangu akaniuliza, "yule mjomba ni polisi?"

"Sijui," nikamwambia.

"Sasa kama si polisi, anamlinda nani?"

Msomaji, nakuungamia kwamba mahubiri ya siku ile siwezi kukusimulia hata nusu yake. Baada ya ibada nilimwendea mzee mmoja wa kanisa, nikamuuliza kama kuna utaratibu wowote kuhusu silaha. Aliguna, kisha akanipa majibu mawili kwa mpigo mmoja. La kwanza, "Si ana leseni, mama?" La pili, alilolisema kwa sauti ya chini, "Na kwa haya tuliyoyaona huku Kwale, pengine ni heri awepo mmoja mwenye nayo."

Majibu hayo mawili ndiyo yaliyonifanya nikae kuandika. Lile la kwanza ni la sheria, na watu wengi wanalikosea. Lile la pili ni la hofu, na hofu hiyo ina sababu. Haifai kuicheka.

Leseni si ufunguo wa kila mlango

Tuanze na sheria. Nchini Kenya mambo ya bunduki yanasimamiwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, sheria iliyotokea enzi za mkoloni katika miaka ya 1950 na ambayo imekuwa ikirekebishwa tangu hapo. Sheria hiyo haianzi kwa kukuuliza uko wapi. Inaanza kwa kukuuliza wewe ni nani na unaitakia nini bunduki. Hakuna raia anayeruhusiwa kununua wala kumiliki bunduki au risasi bila cheti, na anayekitoa cheti sharti aridhike kwamba mwombaji ana sababu nzuri na kwamba kumpa silaha hakutahatarisha usalama wa watu wengine.

Cheti chenyewe si kama kitambulisho unachokipata mara moja ukastarehe nacho maisha yako yote. Hudumu mwaka mmoja, kisha huombwa upya. Hutaja bunduki ipi hasa, na risasi kiasi gani mwenyewe anaruhusiwa kuwa nazo. Kinaweza kufutwa mwenye nacho akionekana ni mlevi wa kupindukia, au akili yake haijatulia, au kwa sababu nyingine hafai kuaminiwa silaha. Na polisi akikuomba umwonyeshe, huna budi kumwonyesha. Baada ya marekebisho ya mwaka 2014, kazi hii ilipewa Bodi ya Utoaji Leseni za Silaha, na Desemba 2018 serikali iliwaagiza raia wote wenye bunduki wajitokeze wakaguliwe upya. Waliokuwa wakijiona wenye leseni zisizoguswa walipanga foleni kama wengine.

Linganisha hali hiyo na Marekani, ambako kumiliki silaha ni haki iliyoandikwa katika katiba yao. Kwetu si haki. Ni ruhusa, tena ya masharti. Katiba yetu ya 2010, katika Ibara ya 37, inapotupa haki ya kukusanyika na kuandamana, inaweka maneno mawili ambayo yafaa kila mwanafunzi ayakariri: tukusanyike kwa amani, na bila silaha.

Basi yule bwana wa shati la kitenge akisema "nina leseni", amejibu swali moja tu. Amesema kwamba si mhalifu kwa kuwa nayo. Hajajibu swali la pili, yaani kama mwenye nyumba ameridhia aingie nayo. Kanisa, msikiti, hekalu na shule vina wenyewe wanaovisimamia, na mwenye mahali ana uwezo wa kumwambia mgeni, "Kwetu haiingii." Leseni inakuruhusu kumiliki bastola. Haimlazimishi mwenzako akukaribishe nayo sebuleni, wala haimlazimishi mchungaji au imamu akukaribishe nayo ibadani. Na ukiamua kuivaa hadharani kwa namna ya kuwatia watu hofu bila sababu halali, hapo unaingia katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, ambayo inalitaja hilo kuwa kosa.

Sasa utaniambia, basi si aiache mlangoni, kama tunavyoacha miavuli? Hapo ndipo penye mtego ambao nina hakika yule kijana hakuujua, na pengine hata mwenye bastola hakuufikiria. Bunduki haiazimwi. Kumkabidhi silaha yako mtu asiyekuwa na idhini ya kuwa nayo ni kosa kwako wewe unayeitoa, na yeye anayeipokea anajikuta ameshika bunduki bila cheti. Kijana wa kukaribisha wageni akiiweka kwenye droo ya meza ya sadaka, kwa nia njema kabisa, amejiingiza katika matata ambayo hata askofu hawezi kumtoa. Kwa hivyo mwenye leseni ana njia mbili tu zilizonyooka: ama aifungie nyumbani kwa usalama kabla hajatoka, ama aulize mapema kama anaruhusiwa kuingia nayo, na akubali jibu atakalopewa.

Hofu yenye sababu

Ile kauli ya pili ya mzee wa kanisa ni nzito zaidi. Wewe unayesoma haya ukiwa Nairobi au Nakuru, umekuja Diani kwa likizo, huenda unaijua kwa mchanga wake mweupe na kima wake wenye utundu. Mwenyeji anaijua na sura nyingine.

Anakumbuka Agosti 1997. Usiku wa tarehe 13 mwezi huo, kundi la watu waliokuwa wamekula kiapo na kufanya mazoezi katika misitu ya Kwale, Kaya Bombo ikiwa mojawapo, lilivamia kituo cha polisi cha Likoni, likawaua askari na kuondoka na bunduki. Bunduki hizo hizo ndizo zilizotumiwa katika mashambulizi yaliyofuata Likoni na kusini mwa Pwani. Maelfu ya watu walihama makwao, na wengi wao walikimbilia uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni. Tume ya Jaji Akiwumi ilikuja kuyachunguza mambo hayo pamoja na ghasia nyingine za kikabila nchini.

Kaya, kwa Wamijikenda, ni mahali pa ibada na heshima. Ukienda hata leo Kaya Kinondo, hapo hapo Diani, utafungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla hujaingia, na utaambiwa mambo ya kufanya na ya kutofanya. Msitu una masharti yake mlangoni. Lakini mwaka 1997 mahali palipokuwa pa tambiko palitumiwa kuandaa mauaji, na hadi leo wako wazee wa Digo wanaoona uchungu jina la kaya linapotajwa pamoja na mapanga na bunduki.

Halafu ikaja Oktoba 2013. Katika muda wa siku mbili, wachungaji wawili waliuawa, mmoja Mombasa na mwingine Kilifi. Baadhi ya viongozi wa makanisa, wakiwa katika majonzi, waliitaka serikali ilipe kila kanisa bunduki aina ya AK-47 ili lijilinde. Watu wengi walishangaa, wengine wakacheka. Mimi sikucheka, kwa maana mtu aliyetoka kumzika mwenzake hana haja ya kuchekwa. Lakini tazama kilichoombwa. AK-47 ni miongoni mwa bunduki chache ambazo Sheria ya Silaha imezitaja kwa majina yake, pamoja na G3 na MP5, na raia anayepatikana nazo bila idhini anakabiliwa na kifungo cha maisha. Ndiyo kusema walichokiomba wachungaji ni kile ambacho sheria inakiogopa kuliko vyote mikononi mwa raia.

Miezi mitano baadaye, Jumapili ya tarehe 23 Machi 2014, watu wenye bunduki waliingia katika kanisa la Joy in Jesus huko Likoni, ibada ikiendelea, wakawamiminia waumini risasi. Watu sita walikufa. Mtoto mdogo aliyekuwa na mama yake alibaki na risasi kichwani. Mama yake alifariki. Mtoto alisafirishwa hadi Nairobi, na madaktari wa Hospitali Kuu ya Kenyatta wakaitoa risasi ile, akapona. Nchi nzima ilikuwa ikimwombea.

Baada ya hapo, nani angethubutu kumwambia Mpwani kwamba hofu yake ni ya bure?

Askari wawili wa Ukunda

Serikali iliitikia kwa njia iliyokuwa karibu nayo: ikawapanga polisi kulinda makanisa. Na hapa, msomaji, naomba tutulie kidogo, kwa maana hapa ndipo penye funzo ninalolitafuta.

Jumapili ya tarehe 3 Septemba 2017, askari polisi wawili walikuwa zamu wakililinda kanisa la Kianglikana mjini Ukunda. Hawakuwa raia wenye bastola za kiunoni. Walikuwa maafisa waliofunzwa, wenye sare na bunduki za serikali. Washambuliaji waliwaua wote wawili, wakachukua bunduki zao, wakatokomea.

Haikuwa mara ya kwanza. Tarehe 1 Julai 2012 mjini Garissa, waliovamia makanisa mawili walianza kwa kuwapiga risasi polisi waliokuwa wakilinda mojawapo, wakazichukua bunduki zao, ndipo wakawageukia waumini. Watu wasiopungua 15 waliuawa siku ile.

Sisemi kwamba polisi wasilinde ibada. Mungu awarehemu wale walioanguka, nao walikuwa na mama zao na watoto wao. Ninalosema ni kwamba bunduki mlangoni ina kazi mbili kwa wakati mmoja. Inalinda, na papo hapo inatamaniwa. Mhalifu asiyekuwa na silaha anaijua saa, anaijua Jumapili, na anajua kwamba penye mlinzi mmoja aliyechoka pana bunduki moja ya kuchukua. Ikiwa askari waliofunzwa waliweza kunyang'anywa, yule bwana wa safu ya tatu, aliyefumba macho akisali, ana kinga gani? Na ikiwa bastola yake itaanguka, au ikachukuliwa na mtoto aliyekuwa akitambaa chini ya viti, nani ataulizwa?

Hilo ndilo swali langu lote leo: nani ataulizwa? Bunduki ya polisi ina kitabu inamoandikwa inapotoka na inaporudi. Bunduki ya raia ina cheti chenye namba. Lakini bastola ile ilipovuka kizingiti cha kanisa, hakuna hata mmoja miongoni mwetu aliyejua iko chini ya mamlaka ya nani. Mchungaji hakuarifiwa. Wazee hawakuamua. Kijana alishindwa kusema la. Watu mia mbili waliketi chini ya ulinzi ambao hakuna aliyeuomba.

Lisidhaniwe kuwa la makanisa peke yake. Tarehe 2 Februari 2014 polisi waliingia kwa nguvu katika Msikiti Musa, Majengo, Mombasa, wakiwafuata vijana waliokuwa wamekusanyika humo. Watu walikufa, akiwemo afisa wa polisi aliyechomwa kisu. Serikali ilisema ilikuwa ikipambana na mafunzo ya itikadi kali. Waislamu wengi waliosikitishwa na itikadi hizo hizo waliumizwa pia na picha ya viatu na bunduki juu ya mikeka ya kusalia. Hata silaha ya sheria, ikiingia mahali pa ibada, huacha jeraha lisilopona upesi.

Na shuleni je?

Wazazi, hapa tufungue masikio. Asubuhi ya tarehe 10 Oktoba 2017, majuma matano tu baada ya mauaji ya wale askari wawili, watu wenye bunduki walishambulia gari la Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, karibu na bewa lake la Ukunda. Wafanyakazi wawili wa kike waliuawa. Polisi waliokuwa wakiusindikiza msafara walijeruhiwa. Miaka miwili kabla yake, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 walikuwa wameuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi.

Katika juma lile lile la mkasa wa Ukunda, Oktoba 2017, msiba mwingine ulitokea mbali na Pwani, nao haukuhusiana na ugaidi. Huko Lokichogio, Turkana, shule ya sekondari ilivamiwa usiku, wanafunzi na mlinzi wao wakauawa kwa bunduki. Polisi walisema aliyeongoza uvamizi ule ni mwanafunzi aliyekuwa amesimamishwa masomo. Ugomvi wa kawaida wa shuleni, wa aina ambayo huku kwetu huishia kwa kuitwa mzazi na kupewa barua, ulipata bunduki.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Lakini wembe humkata kidole yule yule aliyeulilia, naye akajifunza. Risasi hutafuta mtu mwingine.

Ndiyo maana mlinzi unayemwona kwenye lango la shule ya mwanao, wa kampuni binafsi, ana rungu na daftari la wageni. Hana bunduki. Wako wazazi wanaolalamika kwamba rungu halitoshi. Nami nakubali kwamba halitoshi mbele ya AK-47. Lakini daftari, msomaji, ndilo silaha tunayoidharau. Shule ambayo kila mgeni huandika jina, huonyesha kitambulisho na kusindikizwa hadi ofisini, ni shule ambayo mtu mgeni huonekana. Mwongozo wa viwango vya usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 ulisisitiza ua, lango na ulinzi. Haukuhitaji bunduki ili ueleweke. Jiulize, mara ya mwisho ulipokwenda kumchukua mwanao, uliandika jina, au ulipunga mkono tu ukapita?

Na lipo dogo ambalo wazazi tunalifadhili wenyewe. Kila Idi na kila Krismasi, bastola za plastiki hujaa mikononi mwa watoto wetu, nyingine zimetengenezwa vizuri kiasi kwamba jioni, kwa mbali, huwezi kuzitofautisha na za kweli. Sheria yetu haichukulii mchezo bunduki bandia ikitumiwa kutenda uhalifu au kumpinga afisa anayekukamata. Na askari mwenye wasiwasi hana muda wa kuuliza kama ni ya plastiki. Isiende shuleni, na isiingie katika begi la darasa la Jumapili wala la madrasa.

Wenzetu walivyofanya

Afrika Kusini iliamua kulitaja jambo hili wazi. Sheria yao ya kudhibiti silaha ya mwaka 2000 inampa waziri uwezo wa kutangaza mahali fulani kuwa pasipoingia bunduki, na kanuni za mwaka 2001 ziliziweka shule zote za umma kuwa mahali pasiporuhusiwa silaha za hatari. Mwenye leseni hana la kubishana na mlinzi, kwa kuwa jibu limekwisha kuandikwa.

Marekani yenyewe, yenye bunduki nyingi kuliko nchi yoyote, ilitunga mwaka 1990 sheria ya kuzuia silaha shuleni na katika eneo la kiasi cha mita 300 kuzunguka shule. Mahakama Kuu yao iliibatilisha mwaka 1995 kwa hoja kwamba Bunge lilivuka mipaka ya mamlaka yake, na mwaka uliofuata Bunge likairekebisha na kuirudisha. Kwa upande wa makanisa, kila jimbo lina yake. Texas, baada ya watu 26 kuuawa katika kanisa moja la Sutherland Springs mwaka 2017, iliweka wazi mwaka 2019 kwamba mwenye leseni anaweza kuingia kanisani na bastola, isipokuwa pale kanisa lenyewe lilipotoa ilani ya kukataza.

Na nisikufiche: Desemba mwaka huo huo wa 2019, mtu mwenye bunduki aliwaua waumini wawili katika kanisa moja huko White Settlement, Texas, na akaangushwa kwa risasi moja na mlinzi wa kujitolea wa kanisa, yote katika sekunde chache. Wanaotaka silaha ibadani huutaja mkasa huo, na wana haki ya kuutaja. Lakini utazame vizuri. Aliyefyatua hakuwa mtu yeyote tu aliyekuja na bastola yake kimya kimya. Alikuwa mkufunzi wa kulenga shabaha, katika kikosi ambacho kanisa lilikijua, lilikiteua na lingeweza kukiuliza. Hata huko, jibu la "nani ataulizwa?" lilikuwapo kabla ya risasi ya kwanza.

Tufanye nini Jumapili ijayo?

Mimi si mwanasheria wala afisa wa usalama. Ni mzazi mwenye kalamu. Haya ndiyo ninayoyaona yako ndani ya uwezo wetu.

La kwanza, kila kamati ya kanisa, ya msikiti na kila bodi ya shule ikae iamue, iandike katika kumbukumbu zake: kwetu, mtu asiyekuwa polisi kazini anaingia na silaha au haingii? Ikiwa jibu ni la, libandikwe mlangoni kwa Kiswahili kinachosomeka na kutangazwa mara kwa mara. Ikiwa jibu ni ndiyo kwa mtu mmoja au wawili, basi wajulikane, vyeti vyao vionekane, na mkuu wa kituo cha polisi cha karibu aarifiwe.

La pili, tusimwachie kijana wa miaka kumi na tisa mzigo wa kumzuia mtu mzima mwenye bastola. Mlangoni asimame na mzee anayeheshimika. Kwetu Pwani, "Mwanangu, rudi nayo nyumbani, tutakungoja" ikitoka kinywani mwa mzee ina nguvu kuliko kifaa kinacholia.

La tatu, wewe mwenye leseni, uliza kabla hujatoka nyumbani. Usiifiche ukitumaini hutaguswa, na usimpe mtu akushikie. Ukiambiwa hapana, usione umedharauliwa.

La nne, polisi wakipangwa kulinda ibada yetu, tusiwaache peke yao uani kama mitungi ya maji. Wasalimiwe, wapewe chai, na vijana wetu wakae nao macho wazi. Mwaka 2012, baada ya msiba wa Garissa, viongozi wa Kiislamu walijitolea kuunda vikundi vya vijana wa kuyalinda makanisa ya jirani zao. Hao hawakuomba AK-47. Walitoa macho yao na miili yao, na kwa kusimama pale walimwambia mhalifu kwamba hapati mwanya baina ya jirani na jirani. Huku Kwale, ambako adhana na kengele husikika katika mtaa mmoja, hatuna ulinzi ulio bora kuliko huo.

Tukirejea Mombasa jioni ile, binti yangu alikuwa amevua viatu hatimaye, ameweka miguu mapajani mwangu ndani ya feri. Nilidhani amesahau. Kumbe hakusahau. "Mama," akasema, "yule kijana wa mlangoni alikuwa anaogopa."

Nilimwambia ndiyo, alikuwa akiogopa.

"Basi kwa nini hamkumsaidia?"

Tulikuwa watu wazima wasiopungua kumi katika foleni ile, msomaji. Nami nilikuwa wa pili nyuma ya yule bwana.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akitujalia.